Jina Ambalo Sikuliandika

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Minto, ndugu yangu, nikakuta wanajenga tena. Pembeni ya ile nyumba tuliyopewa zimesimama ghorofa mpya za nyumba nafuu, na watoto wanaendesha baiskeli mbele yake. Niliwafurahia waliopata ufunguo, halafu nikakaa ndani ya gari nikalia.

Kabla ya Minto tulibanana mtaa mwingine wa jiji hili la ugenini, Smithfield, vyumba viwili karibu na ghala alikofanya kazi mama. Mimi na wadogo zangu wawili tulilala chumba kimoja na bibi, mzaa mama. Asubuhi alitwanga sombe, majani ya muhogo, kibarazani, twa, twa, mpaka jirani wa chini, nesi Mkenya aliyetoka zamu, akapanda kulalamika. Alirudi kwake na bakuli limejaa. Hivyo ndivyo bibi alivyomaliza ugomvi.

Korona ilipoanza tulipata fomu ya kuomba nyumba nafuu. Mama hakujua kusoma Kiingereza, kwa hiyo aliyeshika kalamu ni mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili. Fomu iliuliza tunaishi wangapi. Bibi akakataa katakata: kwao Kivu watu wa nyumba hawahesabiwi, ukiwahesabu unakiita kifo. Mama akambembeleza, wapi! Mwisho bibi akasema kama ni lazima niwaandike wengine, yeye nimwache.

"Mimi si wa kuhesabiwa," aliniambia. "Mimi niko tu."

Nikamtii. Nikaandika wanne.

Mwaka uliofuata nyumba ikapatikana, ya watu wanne. Wagawaji wa nyumba wakasema kwa upole kwamba asiyeandikwa hawezi kuhamia mpaka tuombe upya. Tukaomba, safari hii na jina lake, sisi tukahamia Minto, na bibi akaenda kusubiri jibu kwa mjomba, mtaa wa Toongabbie. Wiki chache tu, tulisema. Halafu jiji likafungwa, kutembeleana marufuku. Tulimwona kwenye simu, akiuliza kama jiko jipya linawaka vizuri.

Korona ikamkuta huko huko. Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Mtu wa mlangoni akatuhesabu kwa kidole, mama akafumba macho.

Jibu lilifika wiki moja baada ya kuzika. Nikamsomea mama: wamekubali, bibi anaweza kuhamia. Nilidhani ataichana ile barua. Alichukua shuka safi, akaenda kutandika kitanda tulichokuwa tumemwekea bibi chumbani kwetu.

"Mama, ningeliandika tu jina lake," nikasema.

"Shika upande huo," akanijibu.

Nikashika, tukatandika. Nyumba tulipata, ndugu yangu. Bibi hakulala ndani yake hata siku moja.