Presha Imepanda

Mhadhiri alitaka jambo moja: mtambo wetu wa paipu na tangi la hewa urushe waru, yaani kiazi, mara tatu kwa presha ileile, na mara zote iangukie karibu na pale pale. Mara moja, alisema, ni bahati.

Mimi sikuiamini geji ya kupimia presha hiyo. Fundi wa magurudumu aliyetuuzia mjini Nakuru nilimwuliza maswali mpaka akachoka. "Boss, hiyo ni sindano. Ikipanda imepanda."

Mwenzangu katika mradi aliridhika na jibu hilo. Alikulia Lanet, jirani na kambi ya jeshi, na kila kitu husema kwa sauti ya paredi. Nilimleta kwetu Subukia tujaribu kwenye shamba lililovunwa mahindi, kabla ya kumwonyesha mhadhiri Jumatatu. Tulielekeza mdomo wa paipu upande wa mabua, kati ya jiko la mama na nyumba ya shosho, nyanya yangu. Mama nilimwambia asipite huko, tunafanya mambo ya fizikia.

Mwenzangu alipiga pampu, macho kwenye geji. Mimi nilishika mpini wa valvu.

"Presha imepanda!" akapaza sauti. "Imepanda sana!"

Nikaanza kuzungusha. Mpini ulikuwa mzito, hewa ikaanza kutoka kwa mluzi. Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa ametoka jikoni mbio, kikombe cha maji mkono mmoja, vidonge vya shosho mkono wa pili, anakatiza shamba mbele ya paipu yetu. Tangu shosho alipoanguka kanisani, neno presha kwetu lilikuwa na maana moja tu.

Nilijaribu kuurudisha mpini. Haukurudi.

"Mathe, lala chini!" Mwenzangu alipiga kelele, naye mama, badala ya kulala, akasimama kutuangalia.

Nikaingiza bega chini ya paipu na kuiinua. Mtambo ukafyatua hewa. Waru ikapaa moja kwa moja, na kwa muda hakuna aliyejua itarudi wapi. Ilishukia bati la zizi. Ng'ombe akaruka.

Shosho akachungulia mlangoni. "Nani anarusha mawe?"

Mama alimtazama, akatutazama sisi. "Presha ya nani imepanda?"

"Ya tangi, mathe," mwenzangu akasema, kwa mara ya kwanza polepole.

Mama akaketi juu ya mabua. Maji yote yalikuwa yamemwagikia leso, na mkono mmoja alikuwa ameukandamiza kisogoni. Shosho aliuona mkono ule. Akaingia ndani, akatoka na mashine yake ya kupimia presha.

"Mimi si mgonjwa," mama akasema.

"Nipe mkono."

Kitambaa kikajaa hewa, kikambana, kikalegea. Tarakimu zilikuwa juu.

"Amekimbia, shosho," nikasema. "Na ameshtuka. Hapo huwezi kujua kitu. Apumzike tupime tena."

Tulimpeleka ndani, akanywa maji, akapumzika. Mwenzangu alienda kuangalia bati. Nikapima. Tarakimu zilisimama karibu na pale pale. Nikabadilisha betri, nikangoja tena, nikapima mkono ule ule.

Pale pale.

"Mnasema kliniki ya presha ni Jumatatu?" nikauliza.

"Jumatatu," shosho akajibu. "Na wewe si una mambo yako ya waru?"

Nje, mwenzangu alikuwa anauliza kama tujaze hewa tena. Nilimwambia afungue tangi, itoke yote.