Siku Nguzo Alipokaa

Mtaani kwao walimwita Nguzo, na jina hilo hakulipata kwa urefu. Alikuwa mhudumu wa hoteli tangu ujana wake, mtu wa suruali nyeusi na shati jeupe, na miguu yake ilikuwa imesahau kabisa mambo ya kukaa. Hata nyumbani alikula amesimama kwenye mlango wa jiko, sahani mkononi, kama anayesubiri kuitwa. Wageni wakija, alizunguka nyuma ya viti vyao akiwaongezea chai. Picha yao ya harusi inamwonyesha bibi harusi ameketi, naye bwana yuko wima pembeni, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa. "Mimi na baba watoto tumegawana," aliwaambia wateja. "Yeye ananisimamia, mimi namkalia." Walicheka, naye akacheka nao, lakini jambo lenyewe lilimkaa rohoni. Tangu waoane hawakuwahi kula mlo hata mmoja wakitazamana.

Basi binti yao, ambaye alishaanza kazi, akawapeleka mapumziko kwenye bonde la mizabibu, mahali ambapo watu huenda kupanda vilima, kuendesha baiskeli na kuonja mvinyo. "Zawadi yangu mnitumie picha," akawaambia. "Nyinyi wawili mmekaa. Ile ya harusi, ya askari na mfungwa wake, nimeichoka."

"Umesikia?" mama akamgeukia mumewe. "Mlo mmoja tu. Mimi huku, wewe kule, na hayo makalio yako juu ya kiti."

"Nitakaa."

"Apa."

"Mke wangu, kukaa nako kunaapiwa?"

Walifika wakakuta shamba limelala kwenye mteremko, mistari ya mizabibu imenyooka kama imepigwa kwa mashine, na bondeni kijito kinameta. Meza za chakula zilipangwa nje, chini ya majani ya mizabibu iliyotambaa juu ya fito. Nguzo alikuwa amevaa nguo zake nzuri, suruali nyeusi na shati jeupe.

"Huna shati jingine?" mkewe alimuuliza.

"Hili ndilo zuri."

Akakaa. Alikaa kweli, ingawa kwa nusu kalio. Mkewe ndiyo kwanza anakunjua kitambaa cha mapajani, mara mwanamke wa meza ya jirani akainua mkono. "Kaka, tuongezee maji."

Kabla hajafikiri, Nguzo alishasimama na jagi analo. Meza ya pili ikataka mkate. Ya tatu ikataka uma uliodondoka ubadilishwe. Wahudumu wa pale walidhani bosi amewaongezea mtu, na mmoja akampa trei. Nguzo akateleza kati ya meza kama samaki aliyerudishwa majini, akatabasamu huku, akainama kule, mpaka akafikia meza ya pembeni alipokaa mwanamke peke yake. Mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya mgongo.

"Na mama atapenda nini?"

"Atapenda mume," mwanamke akajibu.

Hapo ndipo alipomtazama usoni. Mkewe hakugomba. Alikunja kitambaa chake, akasema maneno mawili matatu dirishani pa jikoni, akapewa kikapu, akashuka zake kuelekea banda la baiskeli. Nguzo alibaki na trei mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani akaiona nzito. Akaiweka chini, akamfuata mbio.

"Nisamehe. Si mimi, ni hii miguu."

"Najua ni miguu. Nimeitafutia kazi." Akamwonyesha baiskeli ndefu, ya watu wawili, yenye viti viwili na pedali za kila mmoja.

"Mbele anakaa nani?" akauliza mama mwenye banda.

"Mimi. Chochote cha kukanyaga nakijua, nimekanyaga cherehani tangu usichana. Huyu nyuma ni mzigo."

Wakaondoka wakiyumba. Penye kilima cha kwanza Nguzo alijisahau, akasimama juu ya pedali. Baiskeli ikapepesuka, gurudumu la mbele likaingia kwenye mizabibu, majani yakawapiga usoni.

"Kaa, wewe."

"Nakusaidia kupanda."

"Nisaidie umekaa."

Akakaa. Miguu yao ikapatana mwendo, tiki tiki tiki, kama mashine iliyotiwa mafuta. Wavunaji wakawapungia vikapu, na kwenye mteremko mkewe akaachia breki akicheka kama msichana. Nguzo alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa bado amekaa.

Walisimama kwenye majani, kando ya kijito. Hapakuwa na meza wala kiti. Nguzo akatandika kitambaa, akanyoosha pembe zake, akapanga mkate, jibini, zabibu na chupa. Kisha akasimama wima, mkono nyuma.

"Nikikutazama huko juu shingo inaniuma," mkewe akasema kwa upole.

Akakunja goti moja, likalia. Akakunja la pili. Akajikuta chini, miguu ameinyoosha mbele, mikono hajui aipeleke wapi. Mkewe akashika chupa, akamimina mvinyo mpaka ukafurika glasi na kulowesha kitambaa. Mkono wa Nguzo ukachomoka kwenda kuidaka chupa, ukasita, ukarudi gotini.

"Umejaza mno."

"Mteja, kunywa."

Waliisimamisha simu kwenye kikapu, ikawapiga picha yenyewe. Picha ilitoka soli zake kubwa kuliko kichwa chake, lakini amekaa, na mkewe ameegemea bega lake. Binti akajibu papo hapo: "Kumbe baba ana magoti."

Jua lilipoanza kuinama, mke akakung'uta majani kwenye gauni, akasimama.

"Twende, watataka baiskeli yao."

Nguzo hakujisogeza. Aliegemea mikono, akamtazama mkewe kutoka chini, kama ambavyo hakuwahi kumtazama.

"Mhudumu," akasema, "kuna mkate umebaki?"

"Jiko limefungwa," mkewe akajibu, huku akikaa tena na kummegea.