Moto wa Saa Moja na Dakika Arobaini na Mbili

Aprili ikifika Maskati mimi huchoka kabla hata joto halijaanza. Kila ninayemjua ana mwaka mpya wake. Muuza mboga wa Punjab ana wa mavuno ya ngano, kinyozi wa Bangladesh ana wake, na yote inaangukia siku ile ile au inayofuata. Ukiuliza kama si mwaka mmoja tu, wanakutazama kana kwamba umewatukania mama. Nami huuliza. Niliacha shule kidato cha pili na tangu hapo sijaacha kuuliza. Maswali ndiyo yaliyonitoa Tanga, yakanipitisha Mombasa na Kampala, yakanileta huku kusafisha nyumba za watu kwa saa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nikiishi Darsait, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, pamoja na wanawake wawili. Mmoja alikuwa mpishi wa familia moja, kwao Sri Lanka. Wa pili alishona mabuibui katika duka la Ruwi, kwao Kerala. Tuliongea Kiarabu cha jikoni, kile ambacho kila mtu anakivunja anavyotaka na bado mnaelewana. Jiko lilikuwa moja, la sehemu mbili za moto, na mtungi wake wa gesi ulikaa kwenye roshani.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya wao, mpishi alitukalisha akatusomea kwenye simu saa alizotumiwa na mama yake. Kwao, wanajimu ndio wanaotoa saa. Mwaka wa zamani unaisha jioni, mpya hauji mpaka asubuhi, na katikati kuna muda ambao si wa mwaka wowote. Muda huo hufanyi kazi, huli, huwashi moto.

"Na chai?" nikauliza.

"Chai inachemka kwa kitu gani, dada? Kwa maneno?"

Kisha, kwa dakika iliyotajwa, unawasha jiko ukiwa umeelekea kusini, unachemsha maziwa katika chungu kipya mpaka yafurike, ndipo unapika wali wa tui la nazi. Nikamwambia wali wa nazi kwetu tunaupika kila wiki bila kutazama saa. Hakucheka. Binti yake, wa miaka kumi na moja, analelewa na bibi, na mama hajarudi nyumbani miaka minne. Tangu mwaka uliopita mtoto alikuwa hataki simu. Bibi akimpa, anasema ana kazi za shule na kuirudisha. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekubali: watawasha pamoja, yeye kwao na mama huku, kila mmoja akimwona mwenzake kwenye simu.

Nikajitia kwenye shughuli isiyonihusu.

Mshonaji naye alikuwa na yake. Kwao, asubuhi ya mwaka mpya unaamshwa macho yamefumbwa, unaongozwa mpaka mbele ya sahani ya mchele, tango la manjano, kioo, sarafu na maua ya manjano, na taa ya mafuta ikiwaka, ili jambo la kwanza utakaloliona mwaka huo liwe jema. Mahali pa kuipanga palikuwa jikoni tu, maana sebule ndiyo chumba changu.

"Taa ni moto," mpishi akasema.

"Taa ni taa. Jiko ni jiko."

"Taa utaiwasha na nini, mate?"

Wakabishana mpaka kichwa kikaniuma. Wakahamia kwenye saa. Dakika ya mpishi ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili, kwa saa ya kwao. Sisi tuko nyuma saa moja na nusu, kwa hiyo huku ni saa moja na dakika arobaini na mbili. Mshonaji akasema jua la Maskati lina saa zake, mpishi asubiri saa tatu ya hapa. Mpishi akamuuliza kama mtoto wake anakaa kwenye jua la Maskati. Mwisho walipatana: taa iruhusiwe, jiko lizimwe, na mshonaji apike karamu yake yote siku moja kabla, muda wa kukataza moto ukiwa haujamkuta.

Alipika kutwa nzima. Maboga, maharage, ndizi mbichi, uji mtamu wa nazi uliokaa motoni saa nyingi, vyakula nisivyovijua idadi. Mimi nilisukuma jiko mpaka likaelekea kusini, mpira wa gesi ukivutika, nikalala bila chai.

Alfajiri nikaburutwa macho yamefumbwa, nikajigonga kwenye jiko nililolihamisha mwenyewe. Niliona tango. Lilikuwa zuri, nakiri.

Saa moja na dakika arobaini mpishi alisimama mbele ya chungu, amevaa nguo ya rangi waliyotajiwa na wanajimu, simu imeegemea kopo la sukari. Mtoto alikuwa upande wa pili, kachuchumaa mbele ya mafiga, kibiriti mkononi, uso umekunjwa kama wa karani. Dakika ikafika. Kwake moto ukawaka. Kwetu, mpishi aligeuza kitufe, akawasha kibiriti, kikaungua mpaka kidoleni. Akawasha kingine.

Nikaenda roshani nikautikisa mtungi. Mtupu. Karamu ilikuwa imeumaliza.

Mshonaji akafunika mdomo. Nikashuka ngazi mbio mpaka kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyezaliwa Unguja, anayekaa chini.

"Shikamoo, bibi. Naomba mtungi wa gesi."

"Marahaba. Nnao mmoja tu, mwanangu, na maharage yangu yako juu. Kuna nini?"

"Mwaka mpya."

"Si tulishaumaliza Januari?"

"Huu wa Sri Lanka. Na wa Kerala pia ni leo."

"Hawa watu wana miaka mingapi?" Akazima jiko. "Chukua. Maharage n'tayala kesho. Lakini urejeshe, usije ukaniletea mwaka mwingine."

Nikaubeba ghorofa tatu. Kila ngazi niliilaani, na Aprili, na wanajimu, na udadisi wangu. Nilipoingia nikihema, dakika kumi zilikuwa zimepita. Maziwa ya mtoto yalikuwa yamefurika zamani, yakichirizika kando ya chungu. Mpishi alikuwa amekaa chini sakafuni, simu magotini. Mtoto alikuwa akimfokea.

"Anasemaje?" nikamnong'oneza mshonaji, ambaye lugha ile hakuijua zaidi yangu.

Mpishi akatujibu mwenyewe, bila kuinua macho. "Anasema mimi huchelewa kila kitu. Anauliza nani anaanza mwaka bila gesi."

Alikuwa anatabasamu. Mtoto akaendelea, sasa akionyesha kitu, daftari nadhani, kisha paka, kisha jino lililotoka. Nikaushusha mtungi, nikainama kuunganisha mpira. Mpishi akaninyooshea kiganja.

"Ngoja."

"Maziwa je?"

"Ngoja, dada. Bado anaongea."

Nikakaa juu ya mtungi, bila chai, karibu saa nzima.