Kwato za Dume la Matiri

Siku ile siisahau, mwanangu. Dume letu la ng'ombe wa nyama, Kahawia, alikataa kushuka mtoni. Nilikuwa binti kule Matiri, na baba alikuwa amefariki, akituachia mimi na kaka yangu Otmari dume huyo na majike mawili.

Tulipoinua miguu yake tukakuta kwato zimepasuka, zimelainika kama gome lililolowa. Otmari akasema, "Dada, tumchinje kabla hajakonda."

Nikamsihi tumwite kwanza bwana mifugo. Akaja na pikipiki, akapunguza kwato zilizorefuka, akatuonyesha tope la zizi letu kuwa ndilo lililolainisha kwato, kisha akatupa unga wa vitamini na madini wa kuchanganya na pumba.

"Nyufa hizi hazitaungana," akatuambia. "Ukwato mpya utaota kutoka juu, taratibu, uzisukume chini. Mpeni huu unga kila siku, na alale pakavu. Msiache katikati."

Wiki zikapita, Kahawia bado anachechemea. Majirani waliokwenda kuchuma kahawa walicheka. Otmari akaacha kabisa kuja zizini, akisema napoteza pumba nzuri kwa kilema. Nikabaki peke yangu nazoa tope, natandika majani makavu, nachanganya. Siku nyingine nililia, nisikufiche.

Kiangazi kikaingia. Nikiwa namsafisha mguu, kidole changu kikapita pale manyoya yanapoishia na ukwato kuanza. Palikuwa pagumu, hapana ufa. Nikamwita Otmari kwa sauti hadi akaja mbio. Akapiga magoti, akapapasa.

"Baba angefurahi, dada," akasema.

Kesho yake nilimkuta yeye ndiye anayechanganya pumba. Msimu wa mvua uliofuata Kahawia alikuwa akipanda vilima mbele ya majike, na baadaye tukapata ndama wake wa kwanza, mwekundu kama yeye.

Basi sikia, mwanangu. Mnyama akiumwa mguu usikimbilie kisu. Mwite mtaalamu, kausha zizi, mpe lishe kwa kipimo ulichoambiwa, maana hata vitamini zikizidi hudhuru. Halafu vumilia zile siku ambazo macho yako hayaoni badiliko lolote. Wengi huachia hapo, kumbe mnyama ameshaanza kupona.

Mungu akubarikie nyumba yako na mifugo yako, akupe na moyo wa kungoja.