Ombasha wa Jua la Utosi

Kibaraza cha Zeinabu kule Makina kimenyamaza. Mkeka umekunjwa, chetezo cha udi kimepoa, na watoto wanaotoka shule adhuhuri wanakatiza kando ya makaburi bila hata kugeuka nyuma. Zamani hawangethubutu. Zamani palikuwa na mama aliyekaa pale akisuka tabaga, zile kawa za rangi rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula, na kila mpita njia mama huyo alimtupia neno: "Chunga, Ombasha yuko nyuma yako."

Ombasha alikuwa babu yake. Ni cheo cha askari wa zamani, koplo wa siku hizi, na Mzee Shafi alikibeba cheo hicho mpaka kikameza jina lake. Alipigana vita vya mfalme asiyemjua, akapewa kipande cha msitu akae, na msitu huo ndio Kibera. Akafa kabla Zeinabu hajazaliwa. Aliyemlea Zeinabu ni mjane wake, habuba, bibi mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na urithi alioacha ulikuwa hadithi moja tu.

Jua likisimama utosini, alisema habuba, wakati mtu hana hata kivuli cha kujificha, Ombasha huingia makaburini kwa lango la juu. Buti zinasikika, mwenyewe haonekani. Kwenye mkuyu hupiga saluti. Hukizunguka kichuguu kwa mkono wa kulia. Halafu huipa reli mgongo, akateremka mpaka ardhi inapolainika chini ya buti. Hapo hupiga magoti, akachukua birika lake lisilo na mkono, akalishika kwa viganja viwili, akanywa. Ukisikia bati linalia, kimbia.

Zeinabu aliisimulia miaka yote, hakupunguza neno wala kuongeza. Watu wa Gatwekera, mtaa wa jirani, waliokuja kutafuta vibarua waliogopa kweli kweli. Kwao mtu huzikwa bomani mwake, huko magharibi, si katikati ya vibanda na mabomba ya maji. Walizunguka njia ndefu, na makaburi yakapumua.

Lakini hofu za watu nazo huzeeka. Njia za mkato zikazidi, mbuzi wakazidi, na kamati ya makaburi ikaamua kujenga ukuta. Kazi akapewa Murunga, fundi wa mawe, mpangaji wa Zeinabu, mtu wa Vihiga. Siku aliyofunga kamba ya msingi upande wa chini, Zeinabu hakumaliza chakula chake.

"Mahdi," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa katika kamati, "babu yuko upande huo. Habuba alisema kila siku, yuko chini, pembeni."

"Dada, pembeni ni pakubwa. Wazee walisema huko hakuna mtu."

"Wazee gani? Wote wamelala humo humo."

"Basi nionyeshe kaburi nami nitaihamisha kamba. Usiponionyesha, kesho wanachimba."

Angemwonyesha nini? Wanawake wa kwao hawafuati jeneza. Habuba alibaki nyumbani siku ya maziko, na Zeinabu hakuwahi kuvuka lile lango. Waliochimba kaburi walikwisha kufa, na mvua za miaka zilisawazisha kila tuta lisilo na jiwe. Usiku huo aliiona sururu ikiingia kifuani mwa mtu aliyempenda bila kumwona.

Kesho yake vibarua walichimba tangu asubuhi, wakija polepole upande wa kona. Adhuhuri walipanda kibarazani kunywa chai. Jua lilikuwa wima. Morris, mmoja wao, alitazama makaburi akatikisa kichwa.

"Mimi saa hii sirudi huko, buda. Hiyo story ya Mama Afrah naijua."

"Wewe unaogopa hata kuku," mwenzake Lusweti akamcheka. "Mama Afrah, hebu mpige story amalize kulia."

Zeinabu, ambaye vijana walimwita kwa jina la binti yake, hakuwa na moyo wa mzaha, lakini ulimi ulishazoea. Akasimulia: lango, mkuyu, kichuguu, reli, birika. Alipofika mwisho, Murunga aliweka kikombe chini.

"Mama Afrah, huyu mzimu wako ni wa ajabu. Mizimu ya kwetu inapita hata kwa ukuta. Huyu anazunguka kichuguu ya nini? Ni kama mtu anayeelekezwa njia."

Mkono wa Zeinabu ulisimama juu ya ukindu. Mtoto wa kiume wa habuba alikuwepo mazikoni, alirudi nyumbani, alimweleza mama yake walikopita na alama waliyoifukia. Na habuba, ambaye hangeweza kwenda, aliyajua mambo mawili: maelekezo husahaulika, mzimu hausahauliki.

"Simama," akamwambia Murunga. "Vaa gamubuti zako. Wewe ndiye Ombasha."

"Mama, mimi ni wa kanisa."

"Na yeye alikuwa wa msikiti, mtaelewana. Twende."

Zeinabu alitoka na kiatu kimoja mguuni. Mahdi aliitwa, akaja akihema, akamkuta dada yake amesimama nje ya uzio wa waya, shela imemteleza mabegani, na Murunga langoni kama bwana harusi aliyekosea nyumba. Watu walianza kujaa. Wauza samaki waliacha samaki.

"Ingia," Zeinabu akapaza sauti. "Mkuyu."

"Mkuyu ulikatwa, mama."

"Kisiki kipo. Piga saluti."

Murunga akapiga saluti. Kicheko kikapita uzioni, kisha kikafa, maana gamubuti zilikuwa zikilia juu ya mchanga mkavu, kishindo baada ya kishindo, vile vile kama kila mtoto wa Makina alivyowahi kusikia akilini mwake.

"Kichuguu. Kwa kulia, kwa kulia. Hapo. Sasa ipe reli mgongo. Teremka."

Aliteremka. Zeinabu alimfuata kwa nje, vidole vikipita waya hadi waya, akisahau magoti yake mabovu. Murunga alikaribia kamba yake mwenyewe, akapunguza mwendo, akasimama. Alibonyeza ardhi kwa kisigino.

"Hapa ni laini," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kamba ya msingi ilipita katikati ya miguu yake.

"Piga magoti. Usichimbe, papasa tu."

Mahdi aliruka uzio, mzee mzima na kanzu yake, akapiga magoti kando ya fundi. Walikwangua udongo kwa vidole. Kisha ukucha wa Murunga ukagonga kitu, na bati likalia.

Morris alikimbia. Hakuna mwingine aliyetikisika.

"Ni nini?" Zeinabu aliuliza. Waya ulikuwa umemchoma kiganja, hakuuhisi.

"Birika," Mahdi akajibu. "La buluu. Limefukiwa kifudifudi."

"Mkono wake?"

Mahdi alilipapasa pande zote, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mgonjwa. "Halina mkono, dada."

Zeinabu aliketi chini, pale pale vumbini, akacheka huku machozi yakimshuka. Mahdi alilifukia birika kama alivyolikuta, akasoma Fatiha. Murunga alivua kofia, akangoja hadi mwisho, kisha akang'oa vigingi vyake bila kuambiwa.

"Kwetu tungemzika mlangoni, umsalimie ukienda kukamua," alimwambia Zeinabu baadaye.

"Na hapa ni mlangoni, mwanangu. Tazama."

Kweli, kutoka kibarazani palionekana.

Ukuta ulipoisha ulikuwa umenyooka kote, isipokuwa upande wa chini, unapojipinda kama kiwiko. Wageni hudhani fundi alikuwa mlevi. Zeinabu alikaa mkabala nao misimu kadhaa, na tangu siku ile hakumtisha mtoto yeyote tena.

Magoti yalipomshinda kabisa, binti yake alimchukua. Sasa anaishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya kwanza, kwa Afrah.