Mstari wa Penseli Shingoni

Bibi yetu hakuwa na ugomvi na vita. Ugomvi wake ulikuwa na picha. Kwake yeye, picha ya mwenye roho ikikaa ndani ya nyumba, malaika hawaingii. Siku kaka yangu alipoleta kijitabu chake cha kwanza cha katuni za vita, cha Waingereza, kidogo cha kuingia mfukoni, bibi alikifungua, akakuta Wajerumani wamejaa tele, akataka kukitia motoni. Kaka alilia. Basi bibi akatafuta njia ya kati: wakatwe shingo. Kila mwenye kichwa apitishiwe mstari shingoni, kichwa kitengane na mwili, asihesabike tena kuwa kiumbe. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mtulivu na sikuwa na la kufanya.

Tulikuwa tumekuja kutoka Unguja si zamani, tunakaa ng'ambo, mtaa wa Hamriya, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Vijitabu vile kaka alivipata kwa muuza vitu vikuukuu, vimeachwa na Waingereza waliorudi kwao. Aliniomba jambo moja tu: nitumie penseli, na mstari uwe mwembamba.

Sasa, ukitaka kumkata mtu shingo, lazima kwanza uitafute, na hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Hadithi zenyewe sikuzijali, maana Waingereza walishinda kila mara na Wajerumani hawakujua kulenga shabaha. Mimi nilitazama wino. Nilijifunza jinsi kofia ya chuma inavyoangusha kivuli mpaka puani, na jinsi shingo inavyozama gizani, ikawa weusi mtupu, na bado ukajua kuwa ipo. Majina ya wachoraji hayakuandikwa popote, kwa hiyo tukawapa ya kwetu. Bwana Mvua alikwaruza wino kwa kitu chenye ncha, nadhani wembe, na mvua ikanyesha kweli. Bwana Mikono hakujua kuchora nyuso, lakini mkono wake ukishika bunduki unaona mishipa. Yule wa jangwa kaka alimcheka, akasema hajapata kukanyaga mchanga, kwani matuta yake yalikuwa laini kama uji. Tulisoma bega kwa bega, na kwa udogo wa kitabu, aliyekishika alikiinamisha upande wa mwenzake ili naye aone.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoharibu mambo. Kaka aliahidi kunichukua bandarini Matrah kutazama meli, kisha akaenda na rafiki zake akaniacha mlangoni nimeshavaa viatu. Nikakichukua kijitabu alichokipenda kuliko vyote, kazi ya Bwana Mvua, chenye rubani aliyeanguka peke yake milimani. Nikachukua kalamu ya wino. Nilimkata rubani yule ukurasa baada ya ukurasa, mistari minene, mpaka karatasi ikatoboka. Kaka aliporudi alikifungua, kisha akakifunga. Tangu siku hiyo shingo zake alizikata mwenyewe, na mimi sikuinamishiwa kitabu tena.

Mtu atasema ni utoto. Naam, ulikuwa utoto, lakini ulikua pamoja nasi. Hatukugombana hata siku moja. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali za watoto, tukaonana harusini na matangani. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, husema watu, na sisi hata hiyo Idi tulikula halwa, tukanywa kahawa, nikarudi kwangu. Neno la kuomba radhi nililibeba kila safari ya kwenda Hamriya na kurudi nalo kwangu Al Khoudh. Nilimngoja yeye aanze, ilhali mkosa ni mimi. Sijui nilirithi wapi kichwa kigumu namna hii.

Kaka alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Mume wangu alikuwa ametangulia, watoto wangu wako nchi za watu, na nyumba hii ina vyumba ambavyo hufunguliwa kwa ajili ya kufutwa vumbi tu. Mimi ni mpweke, sioni haya kulisema. Wakati mwingine huketi dirishani nikatazama wanafunzi wakishuka kwenye basi la chuo, nikawa najiambia huyu shingo yake ningeianzia wapi.

Wifi yangu, akiwa bado yumo edani, aliniita nikachukue sanduku, kwani watoto walikuwa wanaondoa vitu chumbani. Nikalileta nyumbani, nikalifungua alasiri sebuleni. Vijitabu vile vya utotoni vilikuwamo, na vingine vingi alivyovinunua ukubwani katika safari zake. Nikaanza kupekua. Shingo zote zilikuwa na mstari wa penseli, mwembamba. Nikashangaa. Bibi alikufa miaka na miaka nyuma, na kaka hakuwa mtu wa kuogopa picha. Za watoto wake zilijaa ukutani.

Chini kabisa palikuwa na bahasha. Ndani yake nikakuta kijitabu cha rubani, kile nilichokitoboa, na pamoja nacho nakala nyingine ya kijitabu kile kile, nzima. Hiyo haikuwa na mstari hata mmoja. Palikuwa na penseli pia, haijachongwa.

Nikampigia wifi, nikamuuliza kwa nini kaka hichi kizima hakukikata.

"Hichi kakitafuta miaka," akasema. "Akinambia hichi cha dada yangu, siku akija atakikata mwenyewe. Nikamwambia si umpigie umwite. Akasema, njia anaijua."

Kutoka hapa mpaka Hamriya ni nusu saa kwa gari, na njia kweli naijua. Nikakata simu, nikalia kwa sauti, nyumba nzima yangu, hapana wa kuniuliza.

Nilipomaliza nikaenda kuichonga penseli kwa kisu cha jikoni. Nikamfungua rubani ukurasa wa kwanza, pale anapotazama juu na mvua inamwingia machoni. Bwana Mvua alikuwa fundi, kwa haki ya Mungu. Shingo ilikuwa kivulini, nikaitafuta, nikaipata, nikapitisha mstari mwembamba kama nilivyoombwa. Kisha nikakiinamisha kitabu upande wa kulia, kaka aone. Nikakishika hivyo hivyo mpaka mkono ukaniuma.