Bi Hadia na Kanuni ya Saba

Mjini Pate, ukitaka kujua arusi ya fulani imepangwa lini, usisumbuke kumwendea baba wa bibi arusi. Mwendee Bi Hadia binti Abubakr. Yeye huambiwa kabla ya wajomba, kwa sababu kwa wanawake wa mji huu arusi isiyokuwa na vugo ni karamu ya wali tu.

Vugo ni pembe la nyati. Wanawake hulipiga kwa kijiti, wakaimba, wakapita mitaani polepole na buibui zao, mpigo mmoja kwa hatua moja. Bi Hadia alilishika mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, akapangwa katikati ya shangazi zake wawili na kuonywa asithubutu kuharakisha. Sasa ana miaka sitini na miwili, na yeye ndiye kiongozi. Asubuhi huwa shambani kwake, kati ya kuta za magofu ya mji wa kale, akitunza tumbaku. Baada ya alasiri husomesha wasichana Kurani ukumbini mwake. Pembe, jembe na msahafu vimekaa nyumba moja miaka yote hiyo, wala hajaona kimoja kikigombana na kingine.

Mwaka juzi Ustadhi Ghassan alirudi kutoka masomoni ng'ambo. Ni mwana wa mji, miaka thelathini na minne, na akisoma Kurani wazee hujifuta machozi. Hakuwa mtu wa majivuno. Wiki yake ya kwanza aliingia mwenyewe ndani ya birika la kutawadhia msikitini, akalisugua mpaka likang'aa. Basi kamati ya mji ilipoanza kuandika kanuni zake, walimwita naye akae nao. Kanuni sita za mwanzo zilikuwa za taka, punda na mahali pa kuegesha mashua. Ya saba aliileta yeye: vugo lisipigwe tena mitaani, kwa kuwa dini hairuhusu, na pembe zitakazokamatwa ziwekwe ofisini kwa chifu.

Habari hizo zililetwa na Fahima, binti ya Bi Hadia, ambaye mumewe Mahdi ni mwanakamati. Aliingia anahema, kiatu kimoja mkononi.

"Mama, wanataka kuzifunga pembe!"

"Kuzifunga wapi?"

"Kwa chifu. Alhamisi kanuni zitasomwa uwanja wa skuli, watu wakikubali zinapita."

Bi Hadia aliendelea kupanga majani ya tumbaku.

"Basi Alhamisi twende," alisema. "Waambie wenzio waje mapema, tupate kivuli."

Wanawake walikuja, wakajaza upande mzima wa uwanja. Mwandishi wa mkutano alikuwa Mwalimu Jabez, mgeni kutoka bara, Mkristo, aliyepewa kazi hiyo kwa ajili ya hati yake nzuri. Kanuni sita zilipita haraka, isipokuwa ya punda, iliyozua kelele kidogo. Kisha Ustadhi Ghassan akasimama.

"Mama zangu, siwachukii," alianza, na ilionekana wazi anasema kweli. "Lakini sisi ni mji wa Waislamu. Sheria inayotukataza kuiba imetoka wapi kama si kwa Mungu? Tukiifuata dini sokoni na katika mirathi, tuiache mlangoni siku ya arusi? Mimi naona sauti ya mwanamke haifai kupita mitaani, na nitaulizwa mbele ya Mola kwa nini nilinyamaza."

Wanaume kadhaa waliitikia kwa vichwa, wa kwanza wao Mzee Jaafar, ambaye kila mwaka huongoza matari ya Maulidi. Bi Hadia akainuka, akajitengeneza mtandio, akasema kwa lahaja ya Pate, ambayo moja ni moya, njia ni ndia na nchi ni nti.

"Ustadhi, mwanangu, nimekusikia na nakuheshimu. Wote hapa wayua kwamba mume wangu Athman alipofariki, ndugu zake walitaka kunitoa nyumbani. Nalikwenda kwa kadhi. Nalikwenda kwa miguu yangu, hakunivuta mtu, na kwa sheria ya dini nikapata haki yangu. Kwa hivyo msiniweke kundi la wasiotaka dini iguse sheria. Ilinigusa mimi, ikaniponya."

Hata Ghassan alikuwa akimtazama kwa makini.

"Lakini pale palikuwa na mtu aliyedhulumiwa," aliendelea. "Nambie, nikipiga vugo nani hudhulumiwa? Kama ni dhambi, ni yangu mimi na Mola wangu. Nasihi uwezavyo, nitakusikiza. Kadhi nalimwendea; huyu chifu ndiye ataniyia mimi. Hiyo si ndia moya."

"Lakini wanazuoni wamesema, Bi Hadia."

"Wengine wamesema hivyo, wengine wamesema si hivyo, nawe wayua kuliko mimi. Leo kamati imeshika kauli yako. Kesho nti hii itapata ustadhi mwengine, aseme matari ya Maulidi ni bidaa, uzushi katika dini. Hatahitaji kuandika kitu. Atachukua karatasi yako hiyo hiyo, afute vugo, aandike matari. Mzee Jaafar, matari yako utayaweka wapi? Ofisini kwa chifu, yanisubiri mimi na pembe langu?"

Mzee Jaafar aliyekuwa akiitikia kwa kichwa aliacha ghafla, mdomo wazi. Wanawake wakaanza kucheka chini ya mitandio.

Mwalimu Jabez naye akanyoosha kalamu juu. "Samahani, mwenyekiti, kuna jambo la uandishi. Mwenye kosa ni nani? Anayepiga, bibi arusi, au anayesikiliza? Mimi husikiliza kila arusi kutoka dirishani. Na mimi si Mwislamu. Niko ndani ya kanuni au nje?"

Hapo kicheko hakikuzuilika tena. Mwenyekiti mwenyewe alijiinamia, mabega yakimtikisika. Mzee Jaafar alisimama, akasema kwa sauti nzito kwamba kanuni ya saba haijaiva, irudishwe jikoni. Mikono iliyoinuliwa kuikubali ilikuwa minne. Ghassan aliihesabu, akatabasamu kwa shida, akaketi.

Bi Hadia alimwonea huruma. Kumshinda mtu mwema hadharani hakukumpa raha aliyoitarajia. Siku ya pili akampelekea mkate wa mofa wa moto, na Ghassan akaja mwenyewe kurudisha sahani.

"Mawazo yangu hayajabadilika, Bi Hadia," alisema akiwa mlangoni. "Bado naona ni bora kuacha."

"Sikukuomba ubadilike. Ingia."

Walizungumza mpaka adhana ya magharibi. Ghassan alisema kinachomuuma zaidi ni ule wimbo wa vugo wa kumtukana mke mwenza, unaowaliza watu nyumbani mwao. Bi Hadia akakiri kwamba wimbo huo hata yeye haujampendeza kamwe. Akaahidi kuutoa, na pembe zinyamaze kila adhana ikianza. Hakuna aliyeandika, na mpaka leo hakuna aliyevunja.

Baada ya miezi mitano akaolewa Aaliya, dada mdogo wa Ghassan. Mama yao, Bi Ummu, ndiye aliyemwita Bi Hadia, bila kumshauri mwanawe. Bi Ummu alikuwa amepooza miguu, hatoki juu ghorofani, na msafara wa vugo kwa kawaida haupiti mtaa wake. Wanawake walipokuwa wakijipanga, Ghassan akatokea. Fahima akamshika mamake mkono, kwani alidhani vita vimerudi.

Ghassan aliinamisha macho. "Bi Hadia, mimi sitatoka kusikiliza. Lakini mama anauliza, mwaweza kuzunguka kwa ndia ya nyuma, mpite chini ya dirisha lake?"

Bi Hadia aligeuka, akawapanga upya wanawake thelathini na sita, akapiga mpigo wa kwanza, na wote wakaufuata kuelekea mtaa wa nyuma. Walipofika, dirisha lilikuwa wazi. Bi Ummu alikuwa ameinuliwa kwenye mto, shingo nje, machozi na kicheko uso mmoja, akipiga vigelegele kama msichana. Nyuma yake ilionekana mikono miwili ya mwanamume imemshika barabara mabegani, asianguke.

Walisimama pale wakapiga nyimbo tatu nzima.